Jina la Herufi Ndogo: Namna ya Kupata Dawa Inayolingana na Antibiotiki ya Jina la Kibiashara

Katika madirisha ya dawa ya vituo vyetu vya kutolea huduma, na katika maduka ya dawa yaliyomo wilayani, swali moja hujirudia karibu kila siku. Mgonjwa ameandikiwa antibiotiki kwa jina fulani. Anapofika dukani anaambiwa kwamba dawa yenye jina hilo haipo, au ipo lakini bei yake imemzidi uwezo. Afanyeje?

Wengi hufanya moja kati ya mambo matatu. Wapo wanaorudi nyumbani mikono mitupu na cheti kikiwa mfukoni. Wapo wanaonunua vidonge vinne badala ya kumi, kwa matumaini kwamba fedha ya vingine itapatikana mwisho wa wiki. Wapo pia wanaochukua "inayofanana nayo" bila kujua inafanana kwa lipi: kwa rangi, kwa jina au kwa kiwanda. Yote matatu yana madhara, na inasikitisha zaidi kwamba mara nyingi hayakuwa ya lazima. Dawa ileile hasa, yenye jina jingine na bei nafuu, huenda ilikuwa kwenye rafu hiyohiyo, hatua mbili kutoka pale mgonjwa aliposimama.

Makala haya yanaeleza namna ya kuitambua dawa hiyo. Hayakusudii kumfanya msomaji kuwa daktari wake mwenyewe, wala hayampi ruhusa ya kununua antibiotiki bila cheti. Yanakusudia kumwezesha mwenye cheti halali kupata alichoandikiwa, kwa ukamilifu wake, kwa bei anayoimudu.

Majina mawili ya dawa moja

Kila dawa iliyomo sokoni ina jina la kiambato chake, na nyingi zina jina la pili pia. Jina la kibiashara ni lile ambalo kiwanda kimelibuni ili bidhaa yake ijulikane na kuuzika. Huandikwa kwa herufi kubwa za rangi, na ni mali ya kiwanda hicho. Jina halisi, ambalo wafamasia huliita jina la jenereki, ni jina la kiambato hai, yaani kile kilichomo ndani ya kidonge ambacho ndicho hasa kinachopambana na vimelea. Jina hilo si mali ya mtu. Shirika la Afya Duniani husimamia orodha ya majina hayo kwa utaratibu uliopitishwa mwaka 1950 na kuanza kazi mwaka 1953, ili kiambato kimoja kiitwe jina moja Dodoma, Mumbai na London.

Tuchukue mfano wa Augmentin, kwa kuwa ni miongoni mwa antibiotiki zinazoulizwa sana. Neno hilo limeujaza uso wa kasha. Chini yake, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani hawezi kuzisoma, pameandikwa amoxicillin na clavulanic acid. Hayo ndiyo majina halisi. Mtu akiyajua hayo mawili, ameshika ufunguo wa rafu nzima, kwa sababu viwanda vingi duniani hutengeneza mchanganyiko huohuo. Vingine huuita co-amoxiclav bila mapambo yoyote. Vingine huupa majina yao ya biashara, kama vile Amoksiklav, Curam au Clavam. Msomaji aangalie hapo: si kila jina zuri la kibiashara ni la dawa ya mtengenezaji wa kwanza. Curam ni jina la kibiashara, na wakati huohuo ni jenereki.

Majina ya dawa katika makala haya tumeyaacha kama yanavyochapishwa kwenye makasha, bila kuyapa tahajia ya Kiswahili, kwa sababu msomaji atayatafuta kwa macho, herufi kwa herufi.

Yapo mengine ambayo yamekuwa kama maneno ya nyumbani kwetu. Septrin na Bactrim ni dawa moja, yenye sulfamethoxazole na trimethoprim, ambayo hospitalini huandikwa co-trimoxazole. Flagyl ni metronidazole. Amoxil ni amoxicillin peke yake. Zithromax ni azithromycin, Ciproxin ni ciprofloxacin, Zinnat ni cefuroxime, Vibramycin ni doxycycline, na sindano ya Rocephin ni ceftriaxone. Ampiclox ina viambato viwili, ampicillin na cloxacillin. Kuhusu vile "vidonge vya rangi mbili" ambavyo baadhi yetu bado tunaviomba dukani kwa jina hilo, tuseme tu kwamba rangi mbili ni rangi za ganda la kapsuli. Ndani ya ganda la namna hiyo panaweza kuwa na dawa yoyote.

Kusoma cheti

Kabla ya kufika dukani, mgonjwa akisome cheti chake mbele ya aliyekiandika, na asione haya kuuliza. Mwandiko wa matibabu umekuwa mada ya mizaha kwa miaka mingi, lakini alama zenyewe si nyingi. Cheti kikisema "Tab Augmentin 625 mg 1x2x5/7", maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Namba 7 iliyo chini ya mkwaju ni siku za wiki, na ya juu yake ni idadi ya siku za kumeza dawa. Ingekuwa 2/52 ingemaanisha wiki mbili, na 1/12 mwezi mmoja. Kwa hiyo mgonjwa huyu anahitaji vidonge 10. Idadi hiyo aijue kabla ya kuuliza bei, kwani bei ya kidonge kimoja na bei ya dozi kamili ni mambo mawili tofauti, na mauzo ya rejareja hupenda kuyachanganya.

Ombi bora la kutoa wakati huohuo, ukiwa bado umekaa mbele ya tabibu, ni hili: "Naomba uniandikie jina halisi la dawa." Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu vyenyewe hutumia majina halisi, na watumishi wetu wanapaswa kuandika hivyo. Mgonjwa anayekumbusha jambo hilo kwa heshima hajamvunjia mtu adabu.

Mambo manne ya kulinganisha

Dawa mbili huhesabiwa kuwa zinalingana pale zinapokubaliana katika kiambato hai, kiasi cha kiambato hicho, umbo la dawa, na njia ya kuitumia. Umbo na njia havisumbui sana. Kidonge hakilingani na sindano, na kidonge kilichotengenezwa kuyeyuka polepole tumboni hakilingani na cha kawaida hata kama namba zao zinakaribiana. Ugumu uko kwenye kiambato na kiasi, na hapo inafaa tukae kidogo.

Turudi kwenye Augmentin. Mara nyingi mtu akikosa fedha ya Augmentin huambiwa, "Chukua amoxicillin, ni ileile." Si ileile. Amoxicillin ni dawa ya jamii ya penisilini, na kazi yake ni kuvuruga ujenzi wa ukuta unaomzunguka bakteria. Baadhi ya bakteria wamejifunza kutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa hiyo vipande kabla haijafanya kazi. Clavulanic acid imeongezwa ili kukifunga kimeng'enya hicho, na amoxicillin ipate nafasi. Kuiondoa ni kumpeleka askari vitani bila ngao. Yawezekana kabisa kwamba ugonjwa wako ungepona kwa amoxicillin peke yake, nayo ni dawa nzuri na ya bei ndogo, lakini uamuzi huo ni wa aliyekupima, na kaunta ya duka si mahali pa kuufanyia.

Sasa namba. Ile 625 iliyo kwenye kasha ni jumla ya miligramu 500 za amoxicillin na miligramu 125 za clavulanic acid. Kipo pia kidonge cha 375, ambacho ni 250 na 125, na kipo cha gramu moja, ambacho ni 875 na 125. Mtazame vizuri: kiasi cha clavulanic acid ni kilekile katika vidonge vyote vitatu. Ndiyo maana vidonge viwili vya 375 havifanyi kidonge kimoja cha 625. Vinakupa amoxicillin 500 iliyo sawa, lakini clavulanic acid inakuwa 250, mara mbili ya iliyotakiwa, na hiyo ndiyo huleta kuharisha kwa wengi wanaotumia dawa hii. Vilevile nusu ya kidonge cha gramu moja hailingani na 625. Katika dawa za mchanganyiko, jumla haitoshi. Ni lazima kila kiambato kisomwe peke yake.

Kwa dawa ya kiambato kimoja hesabu ni nyepesi zaidi. Umeandikiwa metronidazole ya miligramu 400 na duka lina za 200: vidonge viwili kila mara badala ya kimoja, mradi idadi nzima unayonunua iongezwe mara mbili na maelezo yaandikwe upya kwenye bahasha. Duka likiwa na za 250 pekee, hapo hakuna hesabu itakayokubali. Utafute duka jingine au umwulize tabibu.

Jambo moja huwatia watu hofu bila sababu. Nyuma ya jina halisi mara nyingi hufuata neno jingine: trihydrate, potassium, hydrochloride, sodium. Hilo ni umbo la kikemia ambalo kiwanda kimelitumia ili kiambato kiweze kutengenezwa kuwa kidonge au unga. Kasha likiandika "amoxicillin trihydrate inayolingana na amoxicillin 500 mg", linalokuhusu ni 500 hiyo. Lakini angalia isije ikasomwa namba isiyo yake. Dawa ya maji ya metronidazole, kwa mfano, hutengenezwa kwa metronidazole benzoate, na miligramu 320 za benzoate hiyo ndizo sawa na miligramu 200 za metronidazole yenyewe. Kasha moja laweza kutaja 320 na jingine 200, nazo zikawa na nguvu moja. Hapo ndipo mfamasia anapostahili kuulizwa.

Mazungumzo dukani yanaweza kuwa mafupi sana:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimeandikiwa hii Augmentin, nawe umenitajia bei yake. Je, unayo ya kiwanda kingine yenye amoxicillin mia tano na clavulanic acid mia moja ishirini na tano?"

"Ninayo babu. Vidonge kumi kamili."

"Nipe kasha nilione."

Mtoa dawa aliyesomea kazi yake hatakereka kwa swali la namna hiyo. Akikereka, duka jingine lipo.

Majina yanayopotosha

Jina la kibiashara halikuundwa ili kueleza kilichomo. Hapo pana hatari ambayo ni kubwa kuliko gharama, na kwa maoni ya idara hii ndiyo sababu ya kwanza ya kila kaya kujua majina halisi.

Wapo watu ambao miili yao haivumilii penisilini. Kwa baadhi yao ni vipele na kuwashwa. Kwa wachache ni kuvimba uso na koo, kubanwa pumzi na presha kushuka ghafla, jambo linaloweza kuua ndani ya dakika chache. Mtu huyo huenda anajua vema kwamba hapaswi kupewa penisilini. Lakini katika neno "Augmentin" hakuna kinachomwonya, wala katika "Ampiclox". Jina halisi humwonya mara moja, kwa sababu dawa za jamii hiyo huishia na -cillin: amoxicillin, ampicillin, cloxacillin. Mkia huo uliwekwa kwa makusudi katika utaratibu wa majina ya kimataifa. Zilizo na mwanzo wa cef-, kama ceftriaxone na cefuroxime, ni jamii iliyo jirani na penisilini, na mwenye mzio wa penisilini aseme kabla hajapewa. Zinazoishia na -floxacin ni jamii ya ciprofloxacin. Mkia wa -mycin hauna uaminifu huo. Clindamycin na azithromycin zote wanao, lakini ni za jamii tofauti.

Hatari ya pili ni kumeza dawa moja mara mbili. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI aliyewekwa kwenye co-trimoxazole ya kila siku kwa ajili ya kinga, akiandikiwa Bactrim mahali pengine kwa tatizo jingine, anaweza kuzimeza zote mbili akidhani ni dawa mbili. Ni hivyohivyo kwa mwenye Flagyl nyumbani anayepewa metronidazole kituoni.

Kuna pia majina yanayofanana masikioni. Ampiclox na co-amoxiclav, ambayo wengi huifupisha kuwa "amoxiclav", yakitamkwa haraka katika duka lenye kelele ni vigumu kuyatofautisha. Moja ni ampicillin na cloxacillin, jingine ni amoxicillin na clavulanic acid. Usitaje jina peke yake, onyesha cheti.

Je, ya bei ndogo ni hafifu?

Hili ndilo swali linalowarudisha wengi kwenye jina la gharama hata pale wanapolazimika kukopa. Imani kwamba ghali ndiyo bora ni ya kibinadamu, na kwa bidhaa nyingine huenda ina ukweli. Kwa dawa, bei ina historia tofauti.

Kiwanda kinachovumbua dawa hutumia miaka mingi na fedha nyingi kuitafuta, kuijaribu kwa wanyama, kisha kwa watu, na hupewa hataza ya kuiuza peke yake kwa muda, ambao kwa kanuni za biashara za kimataifa ni miaka 20 tangu ombi la hataza kuwasilishwa. Muda ukiisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza. Havihitaji kurudia uvumbuzi, wala havihitaji kuwashawishi madaktari kwamba dawa hiyo inatibu, kwani hilo limeshajulikana. Vinapokuwa vingi hushindana, na bei hushuka. Antibiotiki nyingi tulizozitaja zilivumbuliwa zamani. Hataza za viambato vyake zimekwisha siku nyingi.

Kinachobaki ni kwa kiwanda kipya kuthibitisha kwamba dawa yake hufika mwilini kama ile ya kwanza. Kwa dawa nyingi za kumeza, kipimo hufanywa kwa watu wazima wenye afya waliojitolea. Hupewa dawa moja, na baada ya siku kadhaa hupewa ya pili. Kila mara damu yao huchukuliwa kwa saa kadhaa ili kuona dawa imefika kiasi gani na kwa kasi gani. Kanuni inayotumika kimataifa ni kwamba uwiano wa dawa hizo mbili, pamoja na ukingo wote wa shaka ya kitakwimu, usitoke nje ya asilimia 80 hadi 125. Namba hizo hupotoshwa mara kwa mara kwamba eti kidonge cha jenereki kina asilimia 80 tu ya dawa. Sivyo. Kiasi kilichomo ndani ya kidonge kina kipimo chake kingine chenye mipaka finyu zaidi. Ile 80 hadi 125 ni mipaka ya shaka, na ili shaka yote iingie humo, wastani wenyewe hulazimika kuwa karibu na 100.

Tofauti zinazobaki ni za rangi, umbo, ladha na viambato visivyo dawa, kama wanga unaoshikamanisha kidonge. Mtoto anaweza kuikataa dawa ya maji ya kiwanda fulani kwa ladha yake, na hiyo ni sababu halali ya mzazi kuchagua nyingine.

Kwa upande wa usimamizi, dawa haziruhusiwi kuuzwa nchini kabla hazijasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama Mamlaka ya Chakula na Dawa. Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua mamlaka hiyo kuwa imefikia daraja la tatu la ukomavu wa usimamizi wa dawa, ikiwa ya kwanza barani Afrika kufika hapo. Hatusemi haya ili kujisifu kwa kazi ya wenzetu. Tunasema ili mwananchi ajue kwamba jenereki iliyosajiliwa imepita kwenye chujio lilelile lililopitiwa na dawa yenye jina kubwa.

Kinachopaswa kuogopwa ni dawa duni na dawa bandia, nazo hazichagui upande. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa moja ya tiba kati ya 10 ni duni au bandia. Mwenye kughushi huiga kinachojulikana na kinacholipa, kwa hiyo jina maarufu si kinga. Tazama kama kasha lina jina halisi, kiwango, jina na anwani ya kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, na kama namba ya toleo iliyo kwenye kasha ndiyo iliyo kwenye pakiti ya vidonge ndani yake. Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Dawa inayouzwa mnadani juu ya turubai, ikichomwa na jua tangu asubuhi, haifai hata kama kasha lake ni halali kabisa. Clavulanic acid hasa huharibika upesi kwa unyevu, na ndiyo maana vidonge vyake hufungwa katika karatasi nzito ya fedha. Visitolewe humo hadi wakati wa kumeza, na usikubali kuuziwa vilivyokwisha kutolewa na kutiwa kwenye bahasha.

Kwenye zahanati na vituo vya Serikali

Antibiotiki zinazoletwa na Bohari ya Dawa hununuliwa kwa majina halisi. Kwa hiyo mwenye cheti cha jina la kibiashara kutoka hospitali binafsi anaweza kukuta dawa yake iko kituoni bila yeye kujua, kwa kuwa dirishani aliuliza "mna Flagyl?" akajibiwa haipo, wakati metronidazole imejaa kabatini. Watumishi wa dirisha wamekumbushwa kutafsiri majina, lakini mwananchi naye aulize kwa jina halisi.

Orodha ya Taifa hupanga dawa kwa ngazi za huduma: zipo za ngazi ya zahanati, za kituo cha afya, za hospitali ya wilaya na za juu zaidi. Maduka ya dawa muhimu nayo, ambayo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yanaruhusiwa kuuza baadhi tu ya antibiotiki. Ukiambiwa dawa fulani haitolewi hapo, huenda si upungufu bali ni utaratibu. Shirika la Afya Duniani nalo hugawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kuangaliwa kwa uangalifu, na za akiba. Amoxicillin na co-amoxiclav zimo katika kundi la kwanza. Azithromycin, ciprofloxacin na ceftriaxone zimo katika la pili. Ndiyo sababu ya msimamo wetu kwamba, pale dawa inayolingana inapokosekana, mtoa dawa asimpe mgonjwa antibiotiki ya jamii nyingine kwa madai kwamba "hii ina nguvu zaidi". Nguvu si kipimo. Kipimo ni kimelea gani na kiungo gani cha mwili. Mgonjwa arudi kwa tabibu, au mtoa dawa ampigie simu tabibu mgonjwa akiwa hapo hapo.

Kununua nusu ya dozi ndilo suluhisho baya kuliko yote. Dawa isiyofika kiasi huwaacha hai bakteria wanaoweza kuivumilia, na hao ndio wanaosambaa. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, yaani UVIDA, ulikadiriwa na watafiti kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Kati ya Augmentin vidonge vinne na co-amoxiclav ya kiwanda kingine vidonge kumi, kwa fedha ileile, hakuna haja ya kufikiri mara mbili.

Dawa za watoto

Dawa za maji huandikwa kwa kiasi kilichomo ndani ya mililita 5. Co-amoxiclav ya maji ipo ya 228, ambayo ni amoxicillin 200 na clavulanic acid 28.5, na ipo ya 457, ambayo ni 400 na 57. Mzazi aliyeandikiwa mililita 5 za 228 akapewa chupa ya 457 bila kuelekezwa upya, atamzidishia mtoto dozi mara mbili. Chupa zenyewe hufanana, na mara nyingi kinachotofautisha ni namba hiyo tu. Atumie kipimo kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na sindano, kwani vijiko vya jikoni havilingani.

Unga ukishachanganywa na maji safi yaliyochemshwa na kupoa, co-amoxiclav hukaa kwenye jokofu, na haipaswi kutumika baada ya muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao mara nyingi ni siku 7. Asiye na jokofu amweleze tabibu mapema, kabla cheti hakijaandikwa. Amoxicillin ya watoto ya miligramu 250 ipo pia katika kidonge kinachoyeyuka kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama, nayo ndiyo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kuanza nayo kwa nimonia ya watoto inayotibiwa bila kulazwa. Haihitaji jokofu, na kwa vijiji vyetu visivyo na umeme ni msaada mkubwa.

Mwananchi mwenye cheti asichokielewa, au kasha analolitilia shaka, akifikishe kwa Mfamasia wa Wilaya katika Hospitali ya Wilaya siku za kazi. Aje na kasha lenyewe pamoja na pakiti ya vidonge na risiti, kwani kidonge kimoja kilichofungwa kwenye kipande cha karatasi hakiwezi kutambuliwa kwa macho.